Shokapu za Gari Lililoshushwa

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani huingia nyumbani mwetu bila sisi kujua wenyewe wa kwanza waliyafanyia nini. Wengine waliyafunga springi fupi ili yakae chini na kupendeza machoni. Familia ikipata gari la namna hiyo, hununua shokapu mara kwa mara na kumlaumu fundi, kumbe chanzo ni springi. Fedha za ada huishia gereji, na watoto walioketi kiti cha nyuma hawako salama.

Tuanze na kazi ya kila kimoja. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huutuliza mdundo wa springi ili tairi lisirukeruke likipita shimoni. Kumbuka, mama, tairi lisilogusa barabara halina breki wala halitii usukani.

Springi fupi ikifungwa pamoja na shokapu ya kawaida, fimbo ya shokapu hukaa imezama ndani wakati wote. Nafasi ya kushuka huwa ndogo, na tuta dogo tu hulifanya gari ligonge. Tena springi hizo kwa kawaida ni ngumu kuliko za asili, na shokapu ya kawaida haina nguvu ya kuzituliza. Hata ikiwa mpya, itachoka mapema.

Utajuaje kama gari lenu limeshushwa? Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha linganisha na gari jingine la aina na mwaka ule ule. Angalia pia kama shokapu inavuja mafuta, kama tairi limelika kwa mabaka, na kama gari huinama sana mbele ukikanyaga breki.

Hapo mna njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha springi za asili na kufunga shokapu za kawaida, kwa mfano KYB Excel-G. Kwa familia inayopita barabara za vumbi na matuta, ikibeba watoto na magunia, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Ya pili, ikiwa mumeo au kijana wenu analipenda gari lilivyo, ni kununua shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya springi fupi, kama vile Bilstein B8. Bei yake ni kubwa zaidi, na gari litabaki chini vile vile. Njia ya kuzikataa kabisa springi zilizokatwa kwa msumeno au moto ni moja: zitupwe. Moto huharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake.

Mkienda dukani, shikeni haya:

1. Chukua namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari. Jina la gari pekee halitoshi.

2. Nunua mbili mbili, kulia na kushoto pamoja. Moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari livute upande.

3. Ongeza mpira wa juu wa shokapu, mpira wa kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi. Kazi ni ile ile, na fundi hatafungua mara ya pili.

4. Hakikisha fundi ana kibano maalumu cha kubania springi. Springi ikifyatuka yaweza kuua. Usikubali afunge kwa kamba au waya.

5. Baada ya kufunga, peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi zitalika upesi.

Zungumzeni nyumbani kabla ya kununua, mkiwa na vipimo mkononi. Maneno "gari linapendeza" na "gari linatufaa" si kitu kimoja, na ni vema wote wawili mkaamua mnataka lipi.