Unga Tumeupima Hadi Gramu, Waliokufa Hatuna Idadi

Mwishoni mwa Desemba 2023, Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Aretas Lyimo, aliwaita waandishi wa habari akatangaza shehena ambayo nchi hii ilikuwa haijapata kuikamata: kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, zilizonaswa Dar es Salaam na Iringa. Kazi ilikuwa kubwa na waliojitoa mhanga kuifanya wanastahili pongezi. Hesabu ilipangwa vizuri, heroini kwake na methamfetamini kwake, hadi desimali. Miaka tisa nyuma, Aprili 2014, manowari ya Australia HMAS Darwin ilisimamisha jahazi mkabala na Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini kwenye shehena ya mifuko ya saruji. Nayo iliingia magazetini bila kupungua kilo.

Sasa na anijibu yeyote, awe waziri, mganga mkuu wa mkoa au mbunge anayependa maikrofoni: mwaka jana Watanzania wangapi walikufa kwa kuzidisha unga? Makadirio siyataki, na simulizi za maskani ninazo za kutosha. Nataka namba iliyojumlishwa kutoka kwenye vyeti vya vifo, mkoa kwa mkoa. Mwenye nayo aitoe.

Nitaambiwa hatuna nyenzo. Si kweli hata kidogo. Nyenzo ipo, na ina umri mkubwa kuliko nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka Chicago orodha ya visababishi vya vifo ili mataifa yahesabu wafu wao kwa lugha moja. Orodha hiyo ikakua, ikalelewa na Shirika la Afya Duniani, na leo hospitalini kila mtu anaiita ICD. Toleo la kumi ndilo lililozoeleka, la kumi na moja limeanza kutumika 2022. Katika lile la kumi, mtu aliyekufa kwa kuzidisha heroini bila kukusudia ana mahali pake: X42 inaeleza namna ilivyotokea, T40.1 inaitaja heroini yenyewe. Aliyejiua kwa dawa hizohizo ni X62. Isipojulikana kama alikusudia au la, Y12. Methadoni ni T40.3, kokeni T40.5. Uraibu wa afyuni na jamii yake uko F11. Kuisoma orodha hiyo hakulipiwi hata senti.

Wala msiniambie madaktari wetu hawaijui. Itazameni fomu ya madai ya bima. Pale msimbo wa ugonjwa unaandikwa kwa uangalifu wa mtu anayevuka barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, maana herufi ikikosewa madai yanarudi na hospitali hailipwi. Kwa hiyo kuandika tunaweza. Tunaandika palipo na fedha. Kijana wa maskani hana kadi ya bima, na maiti haimdai mtu.

Tumfuate kijana huyo. Ana miaka ishirini na kitu, amekutwa geto Tandika, midomo imegeuka rangi, bomba la sindano liko pembeni. Wenzake wanampakia kwenye bajaji, wanamshusha mlangoni mwa hospitali, kisha wanatokomea, kwa sababu wanajua nani atakuja kuwauliza maswali. Daktari wa zamu hana kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Hana aliyeshuhudia. Anaye mama anayelia na mjomba anayemvuta kando, anamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, mwanangu, tumsitiri marehemu." Daktari naye ni mtu, ana mama. Anaandika: kushindwa kupumua, moyo kusimama. Kibali cha mazishi kinatoka, na baada ya swala ya alasiri kijana yuko kaburini. Kwenye takwimu za taifa amekufa kwa moyo, akiwa na umri wa kucheza ndondo.

Hakuna binadamu anayekufa moyo wake ukiendelea kudunda! Kuandika hivyo ndiyo kusema basi lililopinduka Kitonga lilipata ajali kwa sababu magurudumu yaliacha kuzunguka. Fomu ya kimataifa ya sababu ya kifo iliundwa kuzuia mchezo huo: unaanza na kilichomuua mwishoni, unashuka mstari kwa mstari ukiuliza kilitokana na nini, hadi chini kabisa ambako ndiko kuna chanzo. Mstari ule wa chini ndio unaohesabiwa na taifa. Ukiuacha mtupu, aliye wizarani atapokea I46 au R99, yaani "moyo umesimama" au "hatujui", na kwa namba hizo hatanunua dawa, hatapeleka mtu mahali popote.

Hapo bado sijawagusa wanaokufa taratibu, na hao ndio wanaoniudhi zaidi. Sindano chafu haiui siku hiyohiyo. Inaacha jipu kwenye kinena, linaandikwa jipu. Inapeleka bakteria kwenye vali za moyo, inaandikwa I33, na mgonjwa analazwa, akitoka harudi. Inaacha homa ya ini aina C, B18.2, ambayo itamkausha mtu kwa miaka ishirini. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti jijini Dar es Salaam walieleza jambo ambalo dunia ya tiba ililisoma kwa mshangao: wanawake waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, ili arosto ipungue kwa asiye na hela ya kete. Kila mmoja wa watu hao, akifika zahanati, ana magonjwa matatu ya kuandikwa, na kinachoyaunganisha ni F11. F11 isipoandikwa kando ya jipu, kando ya vali, kando ya ini, sindano inafutika. Tunabaki na wagonjwa wa ngozi, wa moyo na wa ini, kila mmoja kwenye rejista yake, wala hakuna anayeona kuwa ni mtu yuleyule na mtaa uleule.

Wamarekani waliliona hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2015, kaunti ndogo ya Scott, Indiana, mahali ambapo VVU ilikuwa habari ya mbali, ililipuka kwa maambukizi yapatayo mia mbili miongoni mwa watu waliokuwa wakijidunga vidonge vya maumivu vilivyosagwa. Nchi nzima walikuwa wakihesabu vifo kwa misimbo hiyohiyo ya X na T. Mwaka 1999 waliokufa kwa kuzidisha dawa hawakufika 17,000. Mwaka 2022 walikaribia 108,000. Ni aibu yao hiyo, lakini wanaijua kwa tarakimu, na waliipeleka mahakamani. Kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza vidonge hivyo zimekubali kulipa zaidi ya dola bilioni 50. Wewe peleka mahakamani simulizi za maskani uone utalipwa nini.

Siwasifu kupita kiasi. Mfumo wao nao una matundu. Mwaka 2010 zaidi ya cheti kimoja kati ya vitano vya waliokufa kwa kuzidisha dawa hakikutaja dawa yoyote kwa jina, kwa sababu katika kaunti nyingi anayeamua sababu ya kifo ni mtu wa kuchaguliwa kwa kura, na si lazima awe daktari. Fentanili, afyuni ya maabara, ilipoanza kuwamaliza watu kuanzia 2013, iliingizwa kwenye T40.4, chumba kimoja na tramadoli, dawa ya maumivu, na hospitali hazikupata msimbo wa fentanili peke yake hadi Oktoba 2020. Miaka saba muuaji anajulikana na bado anaandikwa kwa jina la ukoo! Tramadoli ndiyo iliyotapakaa Afrika Magharibi. Ikishuka huku kwetu kwa wingi, nasi T40.4 haitatuonyesha kitu kama hatuna maabara ya kutofautisha.

Maabara tunayo. Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayethibitisha unga uliokamatwa ili mahakama imfunge aliyeubeba. Kwa nini damu ya aliyekufa kwa unga huohuo isiwe haki yake kufika meza ileile? Ushahidi wa kumfunga mtu tunautafuta kwa udi na uvumba. Ushahidi wa kuwaokoa walio hai tunauzika.

Najua nitajibiwa na watu wangu wa Pwani: maiti haifai kuteswa, na kuchelewesha maziko ni kumdhulumu marehemu. Sibishani na dini. Lakini damu kidogo na mkojo kidogo si upasuaji, na si kazi ya siku tatu. Pale hata hilo linaposhindikana, kuna kuwauliza waliofiwa. Nchi hii iliwahi kufanya hivyo kwa sifa: kuanzia mwaka 1992 mradi wa Wizara ya Afya uliojulikana kama AMMP uliwapitia wafiwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro, ukiwauliza kwa upole marehemu aliugua vipi, kisha madaktari wakapima majibu. Tuliweza tukiwa na karatasi na baiskeli. Leo tuna tarakilishi hadi wilayani.

Kuna hoja moja tu inayonifanya nipunguze sauti, nayo inatoka kwa waraibu wenyewe. Kutumia ni kosa la jinai. Siku F11 itakapotoka hospitali ikaingia kituo cha polisi, hakuna atakayemleta mwenzake kwa bajaji tena. Watakufa gizani na mfumo wote utakuwa umekufa nao. Wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo sheria iseme wazi: idadi ipande wizarani bila jina, bila namba ya nyumba, na afisa wa polisi anayeidai bila amri ya mahakama ashtakiwe yeye. Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni Februari 2011, wengi walidhani waraibu hawatathubutu kuonekana mchana kweupe. Walikuja, wakapanga foleni, wakanywa dozi yao mbele ya muuguzi, kila siku ya Mungu, kisha zikafuata kliniki za Mwananyamala na Temeke. Watu huenda mahali ambapo wanaamini hawatauzwa.

Kila Juni 26, Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya Duniani, kuna jukwaa, hema na hotuba. Mwaka huu hotuba ifupishwe. Badala yake litolewe jedwali moja: X42 kwa mkoa, kwa umri, kwa jinsia, na pembeni yake I33 na B18.2 za wenye F11. Litakuwa na makosa mwaka wa kwanza, na mikoa mingine itakuwa na sifuri zisizoaminika. Lichapwe hivyohivyo, na mkoa wenye sifuri uulizwe kwa nini. Nakala ya kwanza isiende kwa mgeni rasmi. Iende Bohari ya Dawa, kwa afisa anayepanga oda, ili ajue naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini, inahitajika chupa ngapi Tanga na ngapi Temeke, na ajue kabla ya Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza.