Tuzibue Mrija, Tuandike Maarifa

Juzi nikitoka Migori kwenda Homa Bay kupitia Rongo, maji yalichuruzika miguuni pa abiria wangu. Fundi mmoja akataka kufungua dashibodi nzima, kwa malipo ya kutisha. Nikamwomba anisubiri.

Kipoza hewa cha gari hugeuza unyevu kuwa maji, nayo hutokea chini kwa mrija mdogo wa mpira. Vumbi na majani yakiuziba, maji hurudi ndani na zulia huvunda. Nyumbani nilizima injini ikapoa, nikainama upande wa abiria bila kutia jeki, nikapitisha uzi mgumu wa plastiki taratibu. Maji safi yakabubujika. Yangalikuwa na rangi na utelezi, yangalikuwa ya rejeta, nami ningalimrudia fundi.

Kijitabu cha gari hili ni cha Kijapani. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini maarifa haya ni nadra kuyakuta kwa Kiswahili. Sisi wanaisimu tumebuni istilahi za fonolojia, tukausahau mrija. Asiyeelezwa ndiye hulipa. Wahenga walihimiza kuziba ufa; nami nahimiza kuzibua.