Ada ya wakala si desturi, ni mapatano

Katika lugha yetu ya Kiswahili, neno ada lina maana mbili ambazo aghalabu hatuzitenganishi. Maana ya kwanza ni desturi, kama tunaponena mila na ada za wazee wetu. Ya pili ni malipo anayotozwa mtu kwa huduma aliyopewa. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mazoea. Si ajabu basi kwamba malipo yaliyozoeleka yaliishia kuitwa kwa jina hilo hilo. Jambo hili nimelifundisha darasani kwa miaka mingi. Sikudhani kwamba siku moja kutolizingatia kungeigharimu familia yangu.

Mama mzazi, ambaye ni mjane, aliamua kuiuza nyumba yake ya mtaa wa Buruburu jijini Nairobi ili arejee mashambani, ajenge nyumba ndogo na kuweka akiba ya matibabu. Shughuli yote alinikabidhi mimi, kifunguamimba wake, kwa hoja kwamba nimesoma. Wakala tuliyemwendea alitupa mkataba wa kurasa 4, wote kwa Kiingereza cha mahakamani. Mama, ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu, aliniuliza, "Yasemaje hayo, mwanangu?" Kabla sijajibu, wakala akadakia, "Ni ya kawaida tu, Mama. Kila mtu hutia sahihi." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Mama akatia sahihi.

Mnunuzi alipatikana. Bei ilikuwa shilingi milioni 12. Alitia sahihi mkataba wa mauzo na kuweka arubuni ya asilimia 10 kwa wakili. Miezi mitatu baadaye benki ilikataa kumkopesha pesa zilizosalia, mauzo yakavunjika, naye akarejeshewa arubuni yake. Wiki hiyo hiyo tuliletewa ankara ya wakala: asilimia 3 ya bei, yaani Sh360,000, na juu yake ushuru wa VAT wa asilimia 16, yaani Sh57,600. Jumla Sh417,600, kwa nyumba ambayo ingali mikononi mwetu!

Nilipousoma mkataba ule kwa makini, kwa mara ya kwanza, nilikuta kifungu kilichosema kwamba ada italipwa pindi mkataba wa mauzo utakapotiwa sahihi. Hakikusema mauzo yatakapokamilika. Mama aliuliza swali moja tu: "Kama nyumba haijauzwa, hiyo ada ni ya nini?" Baada ya majibizano marefu kupitia kwa wakili, tulikubaliana kulipa Sh150,000. Nilitaka zitoke mfukoni mwangu. Mama alikataa katakata, akasema sahihi ni yake. Zikatoka katika akiba ya matibabu.

Sisimulii haya ili nimlaumu wakala. Mkataba ulisema ulichosema. Ninalotaka kulisema ni kwamba neno "kawaida" ndilo lililotuponza. Wahenga walinena kwamba kawaida ni kama sheria. Msomaji mwangalifu atatambua kwamba walisema ni kama sheria. Hawakusema ndiyo sheria. Asilimia 3 ambayo mawakala wengi huitaja si amri iliyoshuka kutoka mlimani. Ni bei inayotajwa na mwenye kuuza huduma, na Mkenya anayejua kupigania bei ya sukuma wiki sokoni hana sababu ya kunyamaza anapotajiwa bei ya mamia ya maelfu. Kwa nyumba kama ile ya Mama, kushuka kutoka asilimia 3 hadi 2 kungepunguza malipo, pamoja na ushuru wake, kwa Sh139,200.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba asilimia ndiyo pekee ya kujadiliwa. Maneno yanayoizunguka ni mazito zaidi. Ada italipwa lini: sahihi zikitiwa, au mnunuzi akimaliza kulipa na hati kuhamishwa? Ushuru wa VAT umo ndani ya asilimia iliyotajwa, au utaongezwa juu yake? Gharama za matangazo ni za nani nyumba isipouzwa? Ikiwa wakala anataka awe pekee mwenye idhini ya kuuza, idhini hiyo ni ya miezi mingapi, na je, jirani au jamaa akija mwenyewe kununua, bado ada itadaiwa? Na muda ukiisha, ni wanunuzi gani atakaohesabiwa kuwa aliwaleta yeye? Hapa dawa ni kudai orodha ya majina kwa maandishi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahakama haziwezi kutegemewa kutujazia mapengo tuliyoyaacha. Katika kesi ya Luxor (Eastbourne) dhidi ya Cooper, iliyoripotiwa mwaka 1941, majaji wa Bunge la Malodi la Uingereza walimnyima wakala pauni 10,000 alizodai, kwa kuwa ada yake ilifungamanishwa na kukamilika kwa mauzo, na mauzo hayakukamilika. Walikataa kuongeza katika mapatano sharti ambalo wahusika hawakuliweka. Hoja hiyo ilimfaa mwenye mali siku ile. Lakini upanga huo una makali kuwili: aliyeandika kwamba atalipa sahihi zikitiwa, asitarajie jaji amwandikie vingine.

Kuna pia mambo ambayo hayahitaji kujadiliwa, bali kuhakikishwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, humtaka kila afanyaye kazi hii asajiliwe na bodi iliyowekwa kwa minajili hiyo. Mwombe wakala cheti chake, kisha uulize katika bodi yenyewe. Arubuni nayo ikae kwa wakili, wala si katika akaunti ya wakala.

Nitakuwa dhalimu nisipotaja upande wa pili. Wakala mwema hufanya kazi kubwa. Hutangaza, huzungusha watu ishirini ambao kumi na tisa kati yao hawana nia ya kununua, hugharimia petroli, na huenda asipate hata ndururu. Anayembana hadi akose faida asishangae nyumba yake ikisahauliwa. Njia ya haki ni kupatana kwa namna inayowafaa wote: kwa mfano, asilimia 2 hadi bei fulani, na fungu kubwa zaidi kwa kila shilingi inayozidi hapo. Hapo wakala na mwenye nyumba watakuwa wakivuta kamba upande mmoja.

Lakini mtu atajadili vipi asichokielewa? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, mikataba inayohusu mali kubwa zaidi ambayo Mkenya wa kawaida atawahi kumiliki huandikwa kana kwamba mwenye mali ni mgeni katika shughuli yake mwenyewe. Sioni ni kwa nini wakala anayeweza kuisifu nyumba kwa Kiswahili sanifu katika tangazo ashindwe kueleza malipo yake kwa lugha hiyo katika mkataba. Bodi inayowasajili ingefanya jambo la maana kuwatayarishia mkataba wa mfano kwa Kiswahili.

Hadi siku hiyo, aliyesoma na awasomee wengine. Mama hakukosea; aliuliza alichopaswa kuuliza, tena kabla ya kutia sahihi. Aliyepaswa kumjibu ni mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nami nilijibu kwa kutikisa kichwa.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu cha umma.