Umetoka Kuswali, Unampiga Paka Teke?

Ijumaa iliyopita, Mji wa Kale Mombasa, mzee mmoja aliwafukuza watoto safu ya nyuma eti wana kelele. Kutoka nje, akampiga paka teke. Mimi nikanyamaza tu.

Jameni, hiyo dini tumeisoma wapi? Mtume (SAW) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake, Umama. Akisikia mtoto analia, alifupisha swala asimtaabishe mamake. Alitusimulia mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mbwa, yule sisi humrushia mawe!

Vijana wenzangu, heshima kwa wazee iko, lakini teke tusilirithi. Mtoto tunayemfukuza msikitini leo, kesho tusishangae akizoea maskani. Ijumaa hii sinyamazi.