Ngeli ya Kiboko

Somo letu la Java lilianza na mbwa. Mhadhiri alichora ubaoni klasi iitwayo Animal, chini yake Dog na Cat, mmoja akabweka, mwingine akalia nyau, na tukaambiwa huo ndio urithi. Hakuna aliyeuliza ni nani huajiriwa kuandika programu ya mbwa kubweka. Tulinakili tu. Juu kabisa tulinakili pia public static void main(String[] args). Hiyo mtaielewa baadaye, tukaambiwa. Kwangu baadaye haikufika. Mtihani ulikuwa wa kalamu na karatasi, na ukisahau nukta mkato unapoteza alama, kana kwamba wewe ndiwe kompaila.

Huko si kufundisha, ni kukaririsha. Muulize mwanafunzi nguzo nne za somo, atakutajia enkapsulesheni, abstraksheni, urithi na polimofizimu bila kupumua. Mwambie aandike programu ya chama cha mamake, anakwama. Na chama ndicho kingemfundisha! Mwanachama hatii mkono kwenye kibeti cha mweka hazina. Anaomba, mweka hazina anaangalia daftari, anakubali au anakataa. Salio limefichwa na njia ya kulifikia ni moja. Mama yeyote wa soko anajua kwa nini iko hivyo, na hiyo ndiyo enkapsulesheni.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ngeli. Tunaambiwa klasi ni darasa. Upuzi mtupu. Neno tunalo tangu shule ya msingi. Mtoto ameanguka, kiti kimeanguka, mti umeanguka: kitenzi ni kilekile, kila nomino inakivisha kiambishi cha ngeli yake. Polimofizimu hiyo, na watoto wanaifanya wakishtakiana nani alivunja kikombe. Halafu kuna kiboko. Sura yake ni ya KI-VI, ila hatusemi kiboko kimelala, tunasema amelala. Shule za Kenya hupanga ngeli kwa upatanisho, yaani kwa tabia ya neno ndani ya sentensi, si kwa sura yake. Aliyeelewa hilo ameshaanza kuelewa intafesi, ambayo haijali kitu kinafananaje, inajali kinaweza kufanya nini. Najua watu wa isimu watanipigia kelele kwamba ngeli hazirithiani. Sawa, wapige. Mfano wa mbwa nao una mashimo na sijasikia akipigiwa kelele.

Wazo lenyewe wala halikuanza na wanyama. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda Simula 67 huko Oslo, Norwei, kwa sababu walitaka kuiga mambo halisi ndani ya kompyuta, foleni kwa mfano. Alan Kay, aliyelibuni jina la mtindo huu, alikuja kulijutia kwa kuwa liliwafanya watu wakazie macho vitu badala ya ujumbe ambao vitu hutumiana. Hata wenye Java wamelegeza: toleo la 25, la Septemba 2025, linamruhusu anayeanza aandike void main() tu, bila kutangaza klasi yoyote. Sisi bado tuko na mbwa.

Ukisema haya unajibiwa kwamba kazi ziko kwa Kiingereza. Ziko, sijakataa. Sijaomba mtu atafsiri Java. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ndiyo iliyonitoa, lakini kilichonizuia kurudi ni sapu ya somo hilo: niliamini kichwa changu hakikuumbiwa kazi hii. Miaka mitatu niliamini hivyo.

Wiki iliyopita nilimuuliza binamu yangu, yuko gredi ya saba, kiboko yuko ngeli gani.

“A-WA.”

“Na mbona anaanza na ki?”

“Si ni mnyama, bana.”

Nikamsogezea laptopu.