Wa Pweto, Tukutane Wapi?

Sisi walimu wa kujitolea tuliosoma sekondari kule Pweto tunaandaa siku ya kuonana na wenzetu wa darasa, wale tuliotawanyika nao mwaka 2017. Wengine tuko nao hapa Mantapala, wengine wanauza samaki Mununga, wengine walisharudi Kongo.

Shida ni mahali. Wa Mununga wanasema twende kwao, kuna ziwa na chisense. Sawa, lakini sisi wa kambi hatutoki bila ruhusa ya ofisi, na kuombea watu ishirini ruhusa ya siku moja si mchezo. Tunaona afadhali waje hapa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, watu wakiwa wamekusanyika tayari. Disemba mpaka mwisho wa Februari tumekataa: uvuvi unafungwa Mweru, na mwenye kuishi kwa samaki atachanga nini? Tena mvua na barabara ile!

Mchango ni kilo moja ya unga. Asiye nayo aje hivyo hivyo.

Lakini kubwa si chakula. Wengi tulivuka bila diploma wala buletini. Mwenye picha ya darasa au daftari lenye majina, alete. Tutaandika orodha: nani alifika mwaka wa sita, nani alipasi mtihani wa dola, nani hajaonekana mpaka leo. Kuna mama wa bloku yetu anamtafuta kijana wake tangu mwaka ule. Alituuliza kama naye anaruhusiwa kuja. Tumemwambia aje, akae mbele.