Mnyama Kapewa Jina la Kiswahili, Elimu Yake Je?

Atokaye Nairobi kwenda Koobi Fora kwa njia ya Marsabit hupitia Isiolo. Kwa hiyo utafiti wa visukuku si jambo la mbali kwetu sisi wa mji huu.

Mwaka 2019 wataalamu wawili, Matthew Borths na Nancy Stevens, walimtangaza mnyama wa kale aliyekuwa hajulikani. Taya na meno yake yalichimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, na watu waliokuwa wakitafuta mabaki ya nyani wa kale, kisha yakakaa miongo kadhaa katika droo ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Alikuwa mla nyama mkubwa kuliko simba wa leo, aliyeishi yapata miaka milioni 22 iliyopita. Wakamwita Simbakubwa kutokaafrika.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya. Kwanza, sarufi yetu yataka simba mkubwa. Pili, mnyama huyo hakuwa simba hata kidogo, bali wa kundi la haiyenodonti, lililotoweka bila kuacha kizazi. Hata hivyo silalamiki. Majina ya kisayansi yana kaida zake, na ni fahari kukiona Kiswahili katika orodha ya viumbe ya ulimwengu mzima.

Linalonisikitisha ni kwamba heshima hiyo iliishia kwenye jina. Taarifa yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Hapa Isiolo, Mborana, Mturkana, Msamburu, Msomali na Mmeru huelewana sokoni kwa Kiswahili. Je, wana wao wamjue Simbakubwa kwa jina tu?

Wapo watakaodai kwamba istilahi hazitoshi. Lakini kisukuku, tabaka na taya ni maneno tunayo. Yanayopungua yataundwa kwa kutumiwa. Isitoshe, marehemu Kamoya Kimeu, aliyegundua mabaki ya kijana wa Nariokotome mwaka 1984, hakusomea chuo kikuu. Vipaji kama chake vimo humu nchini, ila havitaamshwa kwa lugha isiyoeleweka.

Basi kila kiumbe wa kale anapotangazwa kutoka ardhi yetu, Makumbusho na vyuo vyetu vikuu vitoe siku hiyo hiyo maelezo ya Kiswahili na kuyafikisha shuleni. Mifupa ile ilivumilia droo kwa miongo. Mtoto wa shule hana muda huo.